Sosholojia au Ustawi wa Jamii? Ulinganisho kwa Anayechagua Shahada ya Kwanza Nairobi

Kila matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yanapotangazwa na mfumo wa KUCCPS wa kuomba nafasi za vyuo unapofunguliwa, wapo watahiniwa wengi wa Nairobi waliopata wastani wa C+ au zaidi, wanaopenda masuala ya watu, ambao husitasita kati ya kozi mbili zilizokaribiana katika orodha: sosholojia na ustawi wa jamii. Nyumbani huambiwa kwamba ni kitu kimoja, shuleni huambiwa kwamba zote ni kozi za kusaidia watu, na mwishowe mtu hujaza ile ambayo alama zake zimeiruhusu. Naandika haya kwa sababu naamini tofauti kati yazo ni kubwa kuliko inavyosemwa. Sosholojia humfundisha mtu kuuliza kwa nini watu wengi wako katika hali fulani. Ustawi wa jamii humfundisha la kufanya leo kwa ajili ya mtu huyu aliyeketi mbele yake. Anayeifaa kazi ya kwanza si lazima aifae ya pili, na miaka minne ni mingi mno kuitumia kuligundua hilo.

Mkanganyiko wenyewe una sababu zake. Sosholojia haimo katika masomo ya KCSE chini ya mfumo wa 8-4-4, kwa hiyo mwanafunzi huichagua bila kuwahi kuionja, tofauti na historia au jiografia ambazo amezisoma kwa miaka. Vyuo navyo huziweka kozi hizi karibu: Chuo Kikuu cha Nairobi kinazifundisha katika idara moja, pamoja na masomo ya wanawake wa Kiafrika, na Chuo Kikuu cha Kenyatta kinaiweka sosholojia pamoja na masomo ya jinsia na maendeleo. Ujirani huo ni wa tangu zamani. Mjini Chicago, Jane Addams na Ellen Gates Starr walifungua nyumba ya huduma iitwayo Hull House mwaka 1889 katika mtaa wa wahamiaji maskini, na miaka mitatu baadaye chuo kikuu cha mji huo kikaanza masomo kikiwa na idara ya sosholojia. Wakazi wa Hull House ndio waliochora na kuchapisha, mwaka 1895, ramani za mtaa wao zilizoonyesha nyumba kwa nyumba watu walikotoka na mishahara waliyolipwa, kazi ambayo leo tungeiita ya kisosholojia. Hata hivyo kufikia mwaka 1920 chuo hicho kilikuwa na shule ya huduma za jamii iliyosimama peke yake, na tangu wakati huo fani hizi zimeendelea kuazimana maarifa huku kila moja ikiwaandaa watu wake kwa kazi yake.

Namna bora ya kuitambua tofauti ni kuziweka fani zote mbili mbele ya jambo moja. Tuchukue mfano wa msichana wa miaka 14 wa Korogocho, mtaa wa mabanda hapa Nairobi, ambaye amekuwa akikosa shule kwa wiki kadhaa. Mwanafunzi wa ustawi wa jamii aliye katika mafunzo ya nyanjani atatumwa nyumbani kwake. Atamkuta bibi anayemlea, atauliza mama yuko wapi, atajaribu kujua kama msichana anaumwa, kama ana mimba, kama amewekwa kazini au anaogopa mtu fulani njiani. Atamwona mwalimu, atazungumza na chifu ikibidi, na akigundua kwamba mtoto yuko hatarini atamfikishia afisa wa watoto, kwa kuwa Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inaeleza ni nani anahitaji ulinzi na hatua zipi zichukuliwe. Ikiwa bibi ametimiza miaka 70 na hajasajiliwa katika mpango wa Inua Jamii, ambao huwapa wazee na makundi mengine yenye uhitaji shilingi 2,000 kwa mwezi, mwanafunzi huyo atauliza kama kitambulisho kipo na kama tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa humo ni sahihi. Kazi yake itapimwa kwa swali moja: je, msichana amerudi shuleni akiwa salama?

Mwanafunzi wa sosholojia ataanzia kwingine. Atataka kujua ni wasichana wangapi wa umri huo katika wadi hiyo wanaokosa shule, kama wavulana nao wanakosa kwa kiasi hicho, kama tatizo huongezeka mihula fulani, kama linahusiana na kodi ya nyumba, na ukubwa wa kaya, au na umbali wa shule. Atauliza pia kwa nini mpango wa fedha umechagua miaka 70 kuwa mpaka, na ni kina nani wanaoachwa nje na mpaka huo. Hatamrudisha yule msichana darasani wiki hii. Akifanya kazi yake vizuri, ataonyesha kwamba jambo lililodhaniwa kuwa uzembe wa familia moja lina sura ya mtaa mzima, na hilo linaweza kubadilisha bajeti ya kaunti au kanuni ya wizara. Mwanasosholojia Mmarekani W. E. B. Du Bois alifanya kazi ya namna hiyo huko Philadelphia, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1899, alipopita mlango kwa mlango katika wadi ya watu weusi na kuonyesha kwamba umaskini na uhalifu uliosemwa kuwa tabia yao ulitokana na historia na kufungiwa nje ya kazi. Hapa kwetu, kituo cha utafiti cha APHRC kimekuwa kikizifuatilia kaya za Korogocho na Viwandani tangu mwaka 2002, kikiandika vizazi, vifo na kuhama, ili maisha ya mitaa hiyo yajulikane kwa ushahidi badala ya kukisiwa.

Subira inayohitajika katika kazi hizi mbili haifanani. Msomaji anayetaka kujipima anapaswa kutazama kwa karibu kazi za mikono ya kila fani, na mimi ningeanza na hojaji, yaani orodha ya maswali ambayo mtafiti huwauliza watu.

Mwanafunzi wa sosholojia anayeandaa hojaji yake ya kwanza karibu kila mara huandika: "Mapato yako kwa mwezi ni shilingi ngapi?" Swali hilo linaonekana halina kasoro hadi linapofika Mathare, kwa mama anayefua nguo za watu na kulipwa kwa siku, ambaye leo amepata kazi, kesho hakupata, na keshokutwa amelipwa nusu kwa ahadi ya kumaliziwa Jumamosi. Yeye hana mapato ya mwezi. Kwa heshima atataja tarakimu yoyote ili mgeni asiondoke mikono mitupu, na tarakimu hiyo itaingia katika jedwali ikiwa na sura ya ukweli. Mwanafunzi aliyefundishwa vizuri hulivunja swali hilo: huuliza ni siku zipi katika siku saba zilizopita alipata kazi, alilipwa kiasi gani kila siku, ni kiasi gani bado anadai, na ni vitu gani amekopa dukani. Vivyo hivyo kwa swali la watu wangapi wanaishi katika kaya: kijana anayekula hapa na kulala kwa shangazi ploti ya pili ahesabiwe wapi? Sensa ya 2019 ililitatua kwa kuwahesabu watu mahali walipolala usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti, na kwa kanuni hiyo tukapata Wakenya 47,564,296, kati yao 4,397,073 wakiwa Nairobi. Nyuma ya kila tarakimu ya namna hiyo pana mtu aliyeamua maana ya kaya. Kama maamuzi ya aina hii yanakuvutia, na kama uko tayari kuitumia wiki nzima kulisahihisha swali moja, sosholojia itakufaa sana.

Katika ustawi wa jamii, kifaa kinacholingana na hojaji ni faili. Mwanafunzi anayerudi kutoka nyumbani kwa mtu hukaa na kuandika ripoti ya ziara, na hapo ndipo msimamizi mwema humfundisha jambo ambalo hatalisahau. Anayeanza huandika, "Nyumba ni chafu na mama hajali." Msimamizi humrudishia karatasi na kumtaka aandike alichokiona na alichokisikia: kwamba saa nne asubuhi vyombo vya jana vilikuwa havijaoshwa, kwamba mama alisema mfereji haujatoa maji tangu Jumapili, kwamba mtoto mdogo alikuwa amevaa sweta safi. Sentensi ya kwanza ni hukumu. Hizi za pili ni ushahidi ambao hakimu anaweza kuusoma bila kupotoshwa. Na hakimu anaweza kweli kuusoma, kwa sababu maafisa wa watoto na wa probesheni, yaani wanaosimamia wakosaji walio nje ya jela, huandaa ripoti ambazo mahakama huzitegemea katika kuamua mtoto akae na nani au mkosaji apewe adhabu gani, ikiwamo huduma kwa jamii iliyowekwa na sheria ya mwaka 1998. Uzito wa kuandika ukijua kwamba maneno yako yataamua mtoto alale wapi si wa kila mtu. Anayeuweza anafanya kazi ambayo naiheshimu kuliko nyingi.

Nije kwenye hesabu, jambo linalofichwa zaidi katika ushauri wanaopewa wanafunzi. Wengi hukimbilia sosholojia wakiamini kwamba wamezikwepa hesabu, kisha hukutana na takwimu, na kuanzia hapo hujivuta hadi mwisho. Msimamo wangu ni kwamba sosholojia bila takwimu ndiyo chaguo dhaifu kuliko yote ninayoyataja hapa. Mhitimu anayejua nadharia za Durkheim, Weber na Marx, waasisi wa fani hii, lakini hawezi kuchagua sampuli, kusafisha data katika programu kama SPSS, Stata au R, wala kuandaa hojaji ya simu kwa KoboToolbox, atashindana na maelfu wenye shahada kama yake bila chochote cha kumtofautisha. Mhitimu mwenye nadharia hizohizo pamoja na ujuzi huo atapata mtu wa kumsikiliza, maana ataweza kueleza data ina maana gani na pia imepatikanaje. Ustawi wa jamii nao una somo la utafiti, ila uzito wake uko kwenye mazungumzo, tathmini ya familia, sheria, kazi za vikundi na maadili ya kutunza siri. Aliyepata alama hafifu katika hesabu lakini anajua kusikiliza na haogopi nyumba za watu atastawi huko zaidi.

Wanaobaki na sosholojia ningewasihi waitafutie mwenza. Katika vyuo vingi Shahada ya Sanaa humruhusu mwanafunzi kuunganisha masomo, na sosholojia iliyounganishwa na uchumi, jiografia au masomo ya idadi ya watu ina nguvu nyingi kuliko iliyounganishwa na somo lililochaguliwa kwa sababu tu linasemekana kuwa rahisi.

Kuhusu ajira, ni vyema kusema wazi. Ustawi wa jamii una mlango unaoonekana: ofisi za watoto, idara ya probesheni, hospitali, makao ya watoto, mashirika ya kidini na miradi ya wakimbizi. Nafasi za serikali ni chache na hutangazwa kwa vipindi, lakini angalau mtu anajua anaomba kazi gani. Sosholojia haina mlango mmoja, ina mingi midogo. Wahitimu wake wako katika tafiti za afya, katika kampuni za utafiti wa masoko, katika vitengo vya ufuatiliaji na tathmini vya mashirika, na katika eneo ambalo wanafunzi wachache hulisikia: tathmini za athari za miradi kwa jamii. Barabara, bwawa au laini ya umeme inapopitishwa, hasa kwa fedha za Benki ya Dunia, lazima pawe na mpango wa kuwafidia na kuwahamisha walioguswa, na kuna mtu anayepaswa kuzunguka akiorodhesha nyumba, miti, makaburi, biashara na wapangaji ambao hawana hati yoyote. Mwanasosholojia mzuri huyaona pale yale ambayo mhandisi hayaoni, kwa mfano kwamba mpangaji na mama mboga wa kando ya barabara hupoteza zaidi kuliko mwenye ploti, ingawa ni mwenye ploti aliye na karatasi.

Aina ya ajira nayo inatofautiana. Kazi nyingi za utafiti Nairobi huanza kwa mikataba ya wiki chache ya ukusanyaji data, simu mkononi, malipo kwa siku, na baina ya mkataba na mkataba pana kungoja. Aliye na familia inayomtegemea mara tu atakapohitimu alifikirie jambo hilo mapema. Fani zote mbili zilitikiswa mwaka 2025, serikali ya Marekani ilipositisha misaada yake ya nje na shirika la USAID likafungwa, kwa sababu miradi mingi ya afya na ya watoto nchini ilikuwa ikiendeshwa kwa fedha hizo. Kwa hiyo asichague yeyote kati ya kozi hizi kwa kuamini kwamba mashirika yasiyo ya kiserikali yatamwajiri kama yalivyowaajiri waliomtangulia.

Gharama za masomo hazitofautiani sana, ila mafunzo ya nyanjani ya ustawi wa jamii humla mwanafunzi nauli ya matatu kila siku kwa wiki nyingi, mara nyingi bila malipo, na mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, haukukadiriwa kwa ajili hiyo. Mzazi aliweke hilo katika hesabu zake tangu mwanzo.

Wapo pia wanaopaswa kutazama kando ya kozi hizi mbili. Anayependa kukaa mahali pamoja kwa miezi, kujifunza lugha ya watu, kuhudhuria matanga na harusi zao na kuandika kwa kina, huyo moyo wake uko katika anthropolojia, fani ambayo Jomo Kenyatta aliisomea London katika miaka ya 1930 chini ya mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski, na ambayo Chuo Kikuu cha Nairobi kinaifundisha. Tofauti yake na sosholojia imepungua, kwani siku hizi wote hutumia mahojiano na uchunguzi wa karibu, lakini anthropolojia bado humtaka mtu aishi na jambo badala ya kulipitia kwa hojaji. Anayevutiwa na akili na hisia za mtu binafsi atazame saikolojia, akijua kwamba nchini Kenya taaluma hiyo pamoja na ushauri nasaha zina sheria yake ya mwaka 2014 inayodai usajili, na kwamba shahada ya kwanza ni mwanzo tu wa safari.

Kuna onyo jingine ambalo linapaswa kutolewa kwa sauti kubwa. Shahada ya Sanaa katika sosholojia haimfanyi mtu kuwa mwalimu wa sekondari. TSC, tume ya walimu nchini, husajili walimu waliosomea ualimu wenye masomo mawili ya kufundishia, na sosholojia si mojawapo. Nimewaona wazazi wakiridhika na kozi hii wakidhani kwamba "mambo yakiwa magumu atafundisha". Anayetaka kufundisha achague Shahada ya Elimu moja kwa moja. Vilevile anayelenga idara za rasilimali watu ajue kwamba sheria ya mwaka 2012 inamtaka mtaalamu wa kazi hiyo awe amesajiliwa, kwa hiyo sosholojia pekee haitatosha.

Swali ambalo wanafunzi hupenda kuuliza ni kama mtu anaweza kuanza na moja na kuhamia nyingine. Inawezekana, hasa katika shahada ya uzamili, lakini njia hazilingani. Mwenye sosholojia anayetaka kuhudumia watu atahitaji mafunzo ya nyanjani yanayosimamiwa, ambayo hakuwahi kuyapata, na kusoma vitabu hakuyafidii. Mwenye ustawi wa jamii anayetaka kuwa mtafiti atahitaji kuongeza takwimu, jambo linaloweza kufanywa kwa kozi fupi na bidii ya binafsi. Kwa hiyo anayesitasita kwa dhati, asiyechukia kukutana na watu na anayependa pia kuuliza maswali makubwa, ningemshauri aanze na ustawi wa jamii na kujiongezea takwimu akiwa chuoni. Najua wengi husema kinyume, kwamba sosholojia ni pana zaidi na hivyo ni salama zaidi. Ni pana kweli, lakini upana humfaa yule anayejua atakachoufanyia, na mtu wa miaka 18 aliyechagua kwa kusitasita ni nadra ajue. Aliye na uhakika, anayesoma taarifa za sensa kwa furaha na kujiuliza kwa nini mtaa mmoja una maji na wa jirani hauna, asitishwe na ushauri huu. Achague sosholojia na kuishika barabara.

Kabla ya kujaza ombi, mtahiniwa aende idarani au awaandikie aulize mambo matatu ambayo vitabu vya matangazo havisemi. Kwanza, katika mwaka wa pili na wa tatu kuna masomo mangapi ya mbinu za utafiti na takwimu, na je, hufundishwa kwenye kompyuta au ubaoni tu? Pili, mafunzo ya nyanjani huchukua wiki ngapi, mwanafunzi hujitafutia nafasi mwenyewe au hutafutiwa, na mhadhiri humtembelea mara ngapi? Tatu, mradi wa utafiti wa mwaka wa nne hufanywa kwa watu halisi au maktabani, na je, idara huwasaidia wanafunzi kupata kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, pale kinapohitajika na kutunza taarifa za wahojiwa inavyotakiwa na sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019? Swali la nne amwulize mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, nje ya ofisi: wiki iliyopita ulifanya nini, siku kwa siku?